Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Kwanza ya Uuguzi Katika Mji Mgeni

SWALI

Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi niliyehitimu mwaka huu, nikafaulu mtihani wa usajili na kupata leseni. Mume wangu amehamishwa kikazi, nasi tunahamia mji wa mbali, ulio chini ya mamlaka nyingine ya usajili, ambako simjui mtu yeyote. Karibu matangazo yote ya kazi ninayoyaona yanadai uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Hadi sasa nimepata majibu mawili tu ya kutia moyo. Nyumba moja ya kutunzia wazee iko tayari kuniajiri mara nitakapowasili, kwa zamu za usiku ambazo nitakuwa muuguzi pekee, na hospitali moja kubwa imenitaka nisubiri miezi mitatu hadi itakapopokea kundi jipya la wahitimu. Mshahara wa kwa wazee ni mkubwa zaidi. Ninaogopa kwamba nikikaa bila kazi nitasahau niliyofundishwa, na ninaogopa vilevile kwamba nikianzia kwa wazee sitapokelewa tena hospitalini. Nifanye nini?

Muuguzi Mpya

JIBU

Ndugu Muuguzi Mpya, hongera kwa kuhitimu na kwa leseni. Umetaja kwamba mnahamia chini ya mamlaka nyingine ya usajili, kisha ukalipita jambo hilo haraka, nami naona kwamba ndilo la kushughulikia kabla ya mengine yote, kwa kuwa bila usajili wa huko hakuna hata mmoja kati ya waajiri hao wawili atakayeweza kukupanga zamu.

Leseni ya uuguzi hutolewa na mamlaka ya mahali unapohudumia wagonjwa, na haivuki mpaka pamoja na mwenye nayo isipokuwa pale ambapo mamlaka hizo zimekubaliana. Hali huweza kuwa hivyo hata ndani ya nchi moja. Marekani kila jimbo lina baraza lake la wauguzi, ingawa majimbo mengi yamejiunga katika mapatano ya kutambua leseni moja, na Australia nayo ilikuwa na mabaraza ya majimbo hadi mwaka 2010 ilipoanzisha usajili wa kitaifa. Liandikie baraza la unakokwenda sasa hivi, kabla hamjafunga mizigo, uulize wanataka nini. Mara nyingi watataka nakala ya matokeo yako inayotumwa na chuo moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwako, pamoja na barua kutoka baraza lako la sasa inayothibitisha kwamba leseni yako ni hai na kwamba huna shauri la kinidhamu. Ofisi za vyuo zina mwendo wake, na barua hizo huweza kuchukua wiki nyingi. Ikiwa jina lililo kwenye cheti chako halifanani na lililo kwenye kitambulisho, pengine kwa sababu ya ndoa, tafuta hati ya kisheria ya kuunganisha majina hayo mapema, kwa maana faili nyingi hukwama hapo.

Kuna karatasi nyingine ambayo wahitimu huisahau, nayo ni kadi ya chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu zinazotandazwa katika muda wa miezi sita, na baada ya dozi ya mwisho mtumishi wa afya hupimwa damu, mwezi mmoja hadi miwili baadaye, kuona kama kinga imejengeka. Aliyepoteza kadi au aliyekatiza dozi hawezi kulimaliza jambo hilo katika juma moja la kabla ya kuanza kazi.

Sasa nije kwenye uamuzi wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usikubali ile kazi ya usiku kwa masharti uliyoyaeleza, na sababu yangu haihusiani na wazee. Inahusu neno moja katika barua yako: pekee. Leseni inasema kwamba unajua kiasi cha kutosha kuanza kazi kwa usalama, lakini haisemi kwamba unaweza kuanza bila mtu wa kumuuliza. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani aliyeeleza mwaka 1984 hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka uanagenzi hadi ubingwa, aliuweka umahiri, ambao ni hatua ya tatu tu, kwenye miaka miwili au mitatu ya kufanya kazi ya aina moja. Kabla ya hapo muuguzi hufuata kanuni vizuri, lakini huwa bado hajajenga jicho la kutambua ni jambo gani kati ya kumi yaliyo mbele yake lisiloweza kungoja.

Jicho hilo ndilo linalohitajika zaidi kwa wazee. Mzee mwenye nimonia huenda asipate homa wala kikohozi, na dalili ya kwanza ikawa kwamba tangu magharibi haeleweki anachosema, au kwamba amekataa chakula, au kwamba ameanguka akielekea msalani. Wengi wao hutumia dawa za namna nyingi kwa pamoja, na kosa dogo la dozi huwaumiza kuliko linavyomuumiza kijana. Hospitalini ungemwita muuguzi mwenzako atazame mara ya pili, na daktari wa zamu angekuwa karibu. Katika nyumba ya wazee usiku wa manane utaamua peke yako kama umpigie daktari simu, uite gari la wagonjwa au usubiri alfajiri. Kwa hiyo yule aliyekwambia kwamba kuanzia kwa wazee ni kushuka hadhi, kama yupo, amekupotosha. Kazi hiyo ni ngumu, na inamstahili muuguzi aliyekomaa.

Usiifunge milango hiyo hata hivyo. Waandikie kwa adabu uwaulize kama wanaweza kukuanzisha kwa zamu za mchana ukiwa na muuguzi mzoefu kwa wiki kadhaa, na kama usiku yupo muuguzi au daktari ambaye ni wajibu wake kupokea simu. Wakikubali na kuyaandika kwenye mkataba, kazi hiyo inakuwa mwanzo mzuri. Wakikataa, utakuwa umeelewa kwa nini mshahara ni mkubwa.

Hospitali nayo usiichague kwa ukubwa wake. Ulizia mafunzo ya kuingia kazini yanachukua wiki ngapi, na kama utakuwa na muuguzi mlezi mmoja au utakabidhiwa kwa yeyote aliyepo kila zamu. Mtu anayefundishwa na walezi saba tofauti hufundishwa siku ya kwanza mara saba. Kisha uliza swali ambalo mimi huliona kuwa ndilo kipimo cha hospitali: je, katika wiki hizo nitahesabiwa katika idadi ya wauguzi wa zamu? Ukihesabiwa, maana yake ni kwamba mlezi wako ana wagonjwa wake kamili nawe una wako, na ulezi umebaki kwenye karatasi. Uliza pia muuguzi mmoja wa wodi hiyo huhudumia wagonjwa wangapi mchana na wangapi usiku. Usione haya kuuliza. Linda Aiken na wenzake, katika utafiti wa wagonjwa wa upasuaji kwenye hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2002, walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Muuguzi kiongozi mwenye kujali atalipenda swali lako, na anayekasirika amekujibu.

Kuhusu uzoefu unaodaiwa kwenye matangazo, omba hata hivyo pale ambapo tangazo halikusema kwamba wasio na uzoefu hawatafikiriwa. Katika wasifu wako taja wodi ulizofanyia mafunzo kwa vitendo, muda uliokaa, aina ya wagonjwa na ulichokifanya kwa mikono yako, ukiongeza kila mara kwamba ulikifanya chini ya usimamizi. Wadhamini wako wawe wakufunzi au viongozi wa wodi waliokuona ukihudumia mgonjwa, kwa kuwa barua ya mheshimiwa asiyekufahamu kazini haina uzito mbele ya matroni. Ule msemo kwamba lazima kila muuguzi apitie mwaka mzima wodi ya magonjwa ya kawaida kabla ya kwenda kwingine siuchukulii kama sheria. Nimeona wahitimu wakianza vizuri chumba cha wagonjwa mahututi penye mafunzo ya miezi, na wengine wakivunjika moyo wodi ya kawaida walikotupwa wajitegemee.

Miezi mitatu ya kusubiri haitakusahaulisha taaluma ukiitumia. Huisha cheti chako cha ufufuaji wa moyo na mapafu kama kinakaribia kuisha, rudia hesabu za dozi na za matone ya dripu hadi zikutoke bila kusitasita, na jiandae kwa usaili. Jopo litakupa tukio. Wakikuuliza ungefanya nini ukigundua kwamba umempa mgonjwa dawa isiyo yake, anza na mgonjwa: mtazame na kumpima, kisha mjulishe daktari na kiongozi wa zamu, kisha uandike taarifa ya tukio bila kuficha. Wengi hukosea hapa kwa kuanza na kuomba radhi au kujitetea. Wakikupa wagonjwa watano na kutaka useme nani aonwe kwanza, fuata njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, nawe ueleze sababu zako kwa sauti, kwa maana wanapima unavyofikiri. Ukitaka kufanya kazi ya usaidizi wa wodi katika kipindi hicho ili upate chochote, uliza baraza kwanza, kwani mwenye leseni huweza kuwajibishwa kama muuguzi hata akiwa amevaa sare ya msaidizi.

SWALI

Mshauri, nami ni muuguzi mpya ninayetaka kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Wakala mmoja ameniahidi kazi, lakini anataka nilipe ada ya kutafutiwa nafasi na kumwachia vyeti vyangu halisi hadi nitakapomaliza mkataba wa miaka mitatu. Je, hivi ndivyo inavyofanyika?

Kijana wa Wodi

JIBU

Ndugu, usimwachie mtu yeyote vyeti halisi. Nakala zilizothibitishwa zinatosha, na pale ambapo chombo rasmi kinahitaji kuona cheti chenyewe, kitakitazama na kukurudishia. Mtu anayeshika vyeti vyako kwa miaka mitatu anashika uwezo wako wa kuondoka. Kuhusu ada, Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaeleza kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada wala gharama, isipokuwa kwa aina chache zinazoruhusiwa na serikali husika, na Shirika la Afya Duniani lina kanuni zake za mwaka 2010 kuhusu uajiri wa kimataifa wa watumishi wa afya, zinazotaka uajiri huo uwe wa haki na wa wazi. Si kila nchi imeridhia mkataba huo, kwa hiyo uliza wizara inayohusika na kazi kama wakala huyo amesajiliwa na sheria ya kwenu inasemaje juu ya ada.

Kisha mwombe akupe jina la hospitali itakayokuajiri, uiandikie wewe mwenyewe kwa anwani utakayoitafuta bila msaada wake, na usome kwenye mkataba kiasi utakachodaiwa ukiacha kazi kabla ya muda. Kiasi hicho kikiwa hakijatajwa kwa tarakimu, usitie saini.