Darubini ya raifali kwa pori la miombo

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Sikonge, miaka 50 imenipita, na macho yangu hayaoni tena vizuri vilengeo vya chuma vya raifali yangu ya risasi nzito, .375 H&H. Nawinda kwa leseni, hasa nyati na kongoni. Muuzaji ananishauri darubini ya 6-24x50 (inakuza mara 6 hadi 24, kioo cha mbele milimita 50), ati kadiri inavyovuta ndivyo nitakavyolenga vizuri. Nichukue?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usichukue. Hiyo ni ya mtu aliyelala chini akipiga shabaha ya mbali sana. Kwenye miombo yetu nyati unakutana naye mita 40, kati ya miti ya mitundu, na huenda yeye amekuona kwanza. Hata ukiishusha hadi 6, kwa umbali huo utaona eneo la mita mbili na ushee tu: ngozi nyeusi, usijue ni bega au paja. Hapo ndipo mnyama anapojeruhiwa akakimbia na risasi tumboni, akateseka, na kesho yake akamvamia yeyote apitaye. Jambo hili linaniuma.

Tafuta 1-4x24. Ikiwa kwenye 1, unalenga macho yote mawili yakiwa wazi. Kwa kongoni mbugani, mita 150, hiyo 4 inatosha kabisa. Usidhani kioo kidogo kitakunyima mwanga jioni: gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. 24 kwa 4 ni milimita 6, na mboni ya mtu wa rika letu kwa kawaida haipanuki zaidi ya hapo. 50 kwa 24 ni milimita 2 tu.

Kabla ya kulipa, weka bunduki begani ukiwa umesimama. Picha ionekane nzima jicho likiwa sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye kioo, kwani .375 ina teke, na darubini iliyo karibu hupasua nyusi. Vishikizo vya kufungia darubini kwenye bunduki viwe vya chuma, vya kufunguka haraka, ili ukimfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani uivue ubaki na vilengeo vyako vya chuma.

Rekebisha darubini hadi risasi igonge unapolenga kwa mita 100, na uhakikishe tena baada ya safari ya barabara mbovu.

Nunua pia darubini ya mkononi. Misitu ya Sikonge ina walina asali. Kichaka kikitikisika, kitazame kwa hiyo, kamwe si kwa ile iliyo juu ya mtutu.