Jibu: Ninunue pointi za Disney Vacation Club au nikodi?

Ndugu, kama mnakwenda Orlando na watoto mara moja kila miaka miwili, usinunue bado. Kodi kwanza pointi za mwanachama, yaani umlipe akuwekee nafasi kwa pointi zake. Unachonunua kwenye klabu hii ya likizo ya Disney si nyumba, ni pointi za kila mwaka za kulipia usiku wa kulala kwenye hoteli zake, kwa mkataba wenye kikomo: wa hoteli ya Beach Club, kwa mfano, unaisha 31 Januari 2042. Tiketi za kuingia Disney World hazimo.

Kinachoumiza ni ada ya mwaka. Inatozwa kwa kila pointi, hupanda, na utailipa hata mwaka msiosafiri. Pointi za mwaka huo unaweza kuzisogeza mbele, lakini ndani ya miezi 8 ya kwanza ya mwaka wako wa matumizi (miezi 12 inayoanza mwezi uliowekwa kwenye mkataba wako). Ukichelewa na usipozitumia, zinapotea. Jumlisha ada na bei ya ununuzi iliyogawanywa kwa miaka iliyobaki, ugawe kwa usiku mtakaolala kweli, ndipo ulinganishe na hoteli. Ukikopa, riba nayo iingie.

Kwenye hoteli uliyonunulia pointi unaweka nafasi miezi 11 kabla, kwingine 7, kwa hiyo nunua pale mnapopataka hasa. Kwa mwanachama anayeuza bei huwa nafuu, ila pointi za Beach Club ukizinunua hivyo sasa hazitumiki kwenye hoteli yao ya Riviera. Ukisaini na kampuni yenyewe Florida, una siku 10 za kughairi kwa maandishi.