Unatafuta nyumba ya kupanga na una watoto? Nenda kuiona saa kumi na moja jioni

Nimepanga nyumba nne Dar es Salaam ndani ya miaka 11, na zote dalali alinionyesha asubuhi. Asubuhi nyumba yoyote inapendeza. Watoto wako shule, ndoo zimejaa maji yaliyokingwa usiku, ua umetoka kufagiliwa. Ya tatu, kule Tabata, niliichukua kwa sababu ya marumaru. Chumba na sebule, choo cha ndani, jipsamu juu, geti jeusi. "Dada, ukiilalia hii kesho utaikuta ina mtu," dalali akaniambia. Nikatoa kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja juu kwa ajili yake.

Wiki ya kwanza haijaisha nikajua nilichonunua. Uani palikuwa na sakafu ya saruji na magari mawili ya wapangaji wenzangu. Mama mwenye nyumba hataki mpira, vioo vitavunjika. Hataki kelele mchana, ana presha. Nje ya geti ni barabara ya bodaboda. Wanangu, mmoja ana miaka saba na mwingine minne wakati huo, wakawa wakirudi shule wanaingia ndani, mlango unafungwa, televisheni inawashwa mpaka walale.

Mwezi wa tatu yule mdogo akawa hali chakula cha usiku. Anashinda na bisikuti, halafu usingizi hauji, saa tano yuko macho anagombana na dada yake. Nikampeleka kituo cha afya nikidhani ni minyoo. Nesi hakuandika dawa yoyote, aliniuliza tu, "Anacheza wapi?" Nikakosa jibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu hadi minne anatakiwa aushughulishe mwili dakika 180 kwa siku, na kwenye skrini asizidi saa moja. Wangu alikuwa amegeuza hesabu. Dakika zake za kukimbia alikuwa anazipata Jumapili, tukienda Coco kula mihogo.

Baadaye nikaja kusoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 8 kinataja haki ambazo mzazi anawajibika kumpa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na mwishoni kabisa kucheza na kupumzika. Hivyo vya mwanzo nilikuwa navihangaikia usiku na mchana. Hicho cha mwisho nilikuwa nimekifungia geti, tena kwa kodi kubwa kuliko zote nilizowahi kulipa.

Kwa hiyo siku hizi dalali akinionyesha nyumba asubuhi, namshukuru, halafu narudi peke yangu saa kumi na moja jioni. Muda huo mtaa haufichi kitu. Nikikuta watoto wanacheza kombolela, wakubwa kwa wadogo, na bibi yuko barazani anachambua mchele huku jicho moja liko kwao, roho inatulia. Rede nayo inanifurahisha, maana haigharimu kitu: mpira wa soksi, chupa tupu na mchanga wa kuijazia. Naangalia pia wanachezea wapi. Kama ni juu ya chemba isiyo na mfuniko, naondoka hapo hapo. Na nikikuta mtaa kimya, hakuna mtoto nje, nauliza kwa nini. Siku moja niliambiwa kuna mbwa wa jirani anafunguliwa jioni. Dalali hakuwa na habari hiyo, au alikuwa nayo.

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa.

Usiulize "maji yapo?" Utajibiwa yapo. Uliza yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika mnachota kwa nani, dumu shilingi ngapi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa shilingi 200, uniti hiyo imekugharimu 10,000. Mwenye mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, uniti hiyo hiyo kwenye ankara yake haifiki hata robo ya pesa hizo. Ndiyo maana kuna wenye nyumba wenye bomba uani ambao hawataki kabisa kusikia habari za kuchangia bili. Wanataka uchote kwa dumu. Mimi nataka tukubaliane kabla sijatoa kodi, na iandikwe kwenye mkataba: bili tunagawana kwa vichwa au kwa vyumba. Kwa vyumba ni nafuu kwa mwenye watoto wengi, kwa vichwa ni nafuu kwa kapera. Mtabishana, lakini bishaneni mapema.

Uliza pia kama kuna simtanki na linachukua lita ngapi. Mwaka 2022, mwezi wa kumi, mto Ruvu ulipopungua maji na mgao ukaanza, sisi hatukuwa na tanki, tulikuwa na diaba moja na ndoo. Nilinunua dumu kwa shilingi 700 kwa kijana wa mkokoteni, na nilimpigia simu kwa heshima zote kama ninayeomba kazi.

Kama maji ni ya kisima, nenda na kipande cha sabuni. Nawa mikono pale pale. Povu likigoma, hayo ni ya chumvi. Utafulia kwa shida, na ya kunywa utanunua. Halafu tafuta choo cha shimo cha karibu kiko wapi, cha kwenu au cha jirani. Kinachoshauriwa ni mita 30 kutoka kisimani. Kwenye viwanja vyetu vya kubanana mita 30 ni ndoto, basi chemsha maji ya kunywa, hata mwenye kisima akikuapia. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hapa jijini, nyumba ya nyuma yetu walikuwa wanakunywa maji ya kisima ambayo kwa macho ni meupe kabisa.

Mvua usimuulize dalali. Muulize mtu mzima aliyekaa hapo miaka. Nyumba moja bondeni, karibu na mto Msimbazi, nilikuwa nimeshaipenda. Nikamwamkia bibi wa nyumba ya pili, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kupanga?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema neno, aliinuka akaweka kiganja ukutani, juu ya kiuno chake. "Desemba ya 2011 yalifika hapa." Alikuwa na ndugu waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko yale. Ukikosa bibi, angalia kuta kwa nje: mstari wa matope, rangi iliyopakwa upya nusu ukuta tu, ngazi ya mlangoni iliyoinuliwa bila sababu. Na uliza kama kuna wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Usione haya kuuliza, kwa kuwa maji hayo ndiyo watoto wanayoyarukaruka kesho yake.

Chakula sina maneno mengi. Hesabu genge liko hatua ngapi, na kama kwa Mangi wanakopesha. Mchicha, muulize muuzaji umetoka wapi, kwa sababu mwingine unamwagiliwa maji ya mto uliobeba taka za mji mzima. Mimi napanda matembele kwenye viroba vya mchele, vitano vinatosha mboga mara mbili kwa wiki, na nikihama nahama navyo.

Tunapokaa sasa mbele ya nyumba kuna kiwanja, mchanga mtupu na mwarobaini mmoja. Mwezi uliopita mwenye nyumba alishusha matofali, anataka kujenga fremu mbili. Kiwanja ni chake, na fremu zinalipa kuliko kombolela. Tulimfuata wapangaji wanne, tukamkuta anakunywa kahawa, tukamwamkia, tukamwomba azisogeze upande wa barabara ili mwarobaini ubaki ndani. Hakukubali wala hakukataa. Alisema tupime tunachotaka kibaki. Jioni ile watoto walikuwa wanabishania mpaka wa rede, wakaupima wenyewe kwa hatua: 14 kwa 9. Nimeziandika kwenye karatasi, nampelekea Jumamosi pamoja na kodi.