Video naielewa, nikianza kuandika programu mwenyewe nakwama

SWALI: Habari za kazi kaka. Najifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa video huu mwezi wa tano sasa, yaani mwalimu akiandika naelewa kila kitu ila nikifungua faili tupu mwenyewe akili inagoma, sijui hata nianzie wapi. Alafu mdogo wangu wa miaka 10 ananisumbua nimfundishe na yeye. Je niachane na haya mambo?

JIBU: Usiache ndugu yangu. Kwenye video maamuzi yote anafanya mwalimu, wewe kazi yako ni kuitikia tu, ndo maana ukibaki peke yako unakwama. Angalia kipande cha dakika 5, funga, alafu andika upya bila kuchungulia. Na kabla hujaiendesha programu, andika kwenye karatasi unadhani itatoa nini. Mfano range(1, 5), amri ya kuhesabu namba kuanzia 1, wengi wanategemea ifike 5 lakini inaishia 4, ukishakosea hiyo kwa mkono wako mwenyewe hutaisahau. Erori ikitokea usikimbilie kufuta, soma kwanza mstari wa mwisho maana ndo unataja kosa lenyewe, alafu panda juu utafute namba ya mstari.

Sasa huyo mdogo wako, hapo umenifurahisha kweli. Mtaalamu wa hisabati Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya programu ya Logo mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, baadae wakaongeza kobe anayechora mstari kila anakopita, na kobe huyo mpaka leo yupo kwenye Python, unaandika import turtle tu. Mwambie achore mraba: mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, arudie mara 4. Akiweza, mpe pembetatu yenye pande sawa. Hapo kwenye kugeuka ataweka 60, karibu kila mtu anaweka 60 kwa sababu ndo pembe tuliyofundishwa, na mchoro utakataa kufunga. Usimpe jibu jamani! Mnyanyue kwenye kiti atembee sakafuni yeye mwenyewe awe kobe, akifika kwenye kona ageuke, ataona mwili wake unageuka sana kuliko kwenye mraba, na akimaliza kona zote 3 amezunguka 360 nzima. Atagawanya mwenyewe apate 120.

Wewe mikono mbali na kibodi muda wote huo, najua inawasha. Kesho yake muulize kwa nini ni 120 na sio 60, akikwama kueleza rudini wote sakafuni.