Nimeshamsamehe mume wangu, mbona bangili bado zaniuma?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Mie niko Lamu, huku Langoni. Mwaka jana mume wangu alichukua bangili zangu nne za mahari akaziweka rehani bila kuniambia, apate kununua mashini ya boti. Muda ukapita, zikauzwa. Wazee wakakaa, akaomba msamaha, nikasema yameisha na wallahi nilisema kwa moyo. Lakini kila jioni nikisikia ile mashini yaingia gatini kifua chawaka, na usiku twagombana kwa sababu ya chumvi. Binti yangu aniambia nijaribu hii maindfulnesi. Yahusiana vipi na kusamehe, au ni kujilazimisha nisahau? Na si ibada ya watu hiyo?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na hilo la mwisho maana nikilipita hutanisikiza. Chanzo chake ni kweli ni mazoezi ya Mabudha, ila hii inayofundishwa hospitalini ilianzishwa Marekani mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, programu ya wiki nane, na ndani yake hakuna ibada. Ni kuzingatia kinachotokea sasa hivi, mwilini na moyoni, bila kukimbilia kukihukumu. Mie naiita uzingativu, wewe iite upendavyo.

Haya, msamaha. Everett Worthington, mwanasaikolojia ambaye mamake mzazi aliuliwa na mwizi aliyevunja nyumba, kwa hivyo haongei vya kusoma tu, amegawa msamaha mara mbili: kuna msamaha wa uamuzi, unaamua sitalipiza na nitaishi nawe vizuri, na kuna msamaha wa moyo, pale uchungu wenyewe unapopungua. Wewe wa kwanza ushautoa mbele ya wazee. Hukudanganya. Huo wa pili hauna kikao, hauna wazee, waja pole pole na siku nyingine warudi nyuma, na watu wengi wakiona bado wawaka hujiona wanafiki bure.

Sasa uzingativu waingilia wapi? Kwenye kucheua. Umemwona mbuzi amelala kivulini, hana jani mbele yake na mdomo wafanya kazi? Ndivyo tunavyofanya na kosa la mtu. Mie kuna ndugu yangu alinilia hela ya kiwanja, siku moja niko jikoni napaa samaki nikashtuka kumbe kwa dakika kumi nagombana naye kichwani, ninampa majibu mazuri sana wallahi, na yule changu nimempaa mpaka ngozi imetoka. Yeye hayupo, hela haipo, lakini mwili ulikuwa vitani.

Kwa hivyo jioni ikilia ile mashini usijiambie "nisahau", hutasahau, na ukilazimisha ndio yarudi kwa nguvu. Simama hapo ulipo. Uliza moto uko wapi: kifuani, kooni, au pale mkononi palipokuwa na bangili? Upe jina, "hii ni ile hadithi ya bangili", kisha vuta pumzi tatu nne ukisikiliza pumzi tu. Hadithi itakuja tena, nawe itambue tena. Hapo wapata nafasi ndogo kati ya moto na ulimi, na ile ngoma ya chumvi yaweza isianze. Halafu kuna jambo jingine, mwaka 2020 Johan Karremans na wenzake wa Uholanzi walichapisha utafiti ulioona kwamba wenye uzingativu zaidi husamehe zaidi, na sehemu ya sababu ni kwamba wanaweza kuliona jambo kwa upande wa mwenzao. Angalia, kumwona si kumtetea. Waweza kuona alivyoaibika kila siku kuvua kwa boti ya watu na bado ukasema alikosa.

Usijaribu haya katikati ya ugomvi lakini. John Gottman, aliyewapima wanandoa mapigo ya moyo wakibishana, aliona yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa. Hapo mwambie "nipe dakika ishirini, narudi", na urudi kweli, usimwache ananing'inia. Na hizo dakika 20 usizitumie kupanga maneno ya kumjibu maana moyo hautashuka, nenda uone bahari au kafue nguo. Mume naye akizifanya zake nyinyi mtafika mbali.

Lakini kuna kitu sipendi kukificha. Uzingativu haurudishi bangili, na mahari ni mali yako. Nimeona wanawake wakifundishwa kupumua ili wasidai, huo si msamaha, huo ni kunyamazishwa kwa ustaarabu. Huenda moyo wawaka kwa sababu kuna deni ambalo hakuna aliyelitaja pale kwenye kikao, wote walizungumzia kusamehe na hakuna aliyeuliza italipwa lini. Siku moja akiwa ameshakula na ametulia, na wewe pumzi iko sawa, muulize mashini yamwingizia ngapi kwa wiki, na kati ya hizo ngapi zawekwa kando kwa bangili ya kwanza.