Je, Mchezaji Mmoja Anaweza Kuajiriwa katika Michezo Miwili?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi. Ni winga wa timu ya soka ya shule na hutegemewa pia katika mpira wa kikapu. Mjomba wake humsimulia kila mara habari za Bo Jackson, Mmarekani aliyelipwa kwa michezo miwili kwa wakati mmoja. Je, habari hizo ni za kweli, na zinaweza kumfaa kijana wa huku kwetu?
Mama wa Winga, Pasua, Moshi

JIBU: Habari hizo ni za kweli, mama, ingawa nashuku mjomba huishia pale panaponoga. Mwaka 1986 klabu ya Tampa Bay Buccaneers ilimchagua Jackson kuwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wote wapya wa kandanda ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi na kuangushana, naye akaikataa, akasaini kucheza besiboli katika klabu ya Kansas City Royals. Mwaka uliofuata Los Angeles Raiders walimpata kwa sababu mmiliki wao, Al Davis, aliridhia sharti zito: Jackson amalize kwanza msimu wa besiboli, ndipo ajiunge na wenzake wakiwa wameshacheza wiki kadhaa za ligi. Ndiyo maana katika misimu minne alicheza mechi 38 tu za kandanda hiyo. Hata hivyo, mwaka 1989 alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa besiboli, na msimu wa 1990 akateuliwa kuwa nyota katika kandanda pia.

Kipaji alikuwa nacho tele, lakini kilichombeba zaidi ni kalenda mbili zilizogongana kidogo tu na mwajiri aliyekubali kumngoja.

Tarehe 13 Januari 1991, katika mechi dhidi ya Cincinnati Bengals, alikimbia yadi 34 kabla ya kukamatwa kwa nyuma na kuangushwa. Nyonga ilitenguka, kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu na kuanza kufa. Kandanda iliishia hapo, na miezi miwili baadaye Royals nao wakamwacha, maana jeraha alilolipata kwa mwajiri mmoja lilimharibia kazi kwa mwajiri wa pili. Aliwekewa nyonga bandia mwaka 1992, akarudi mwaka 1993 kuchezea Chicago White Sox, na mwaka 1994 akastaafu.

Kwa mwanao, soka na kikapu vinaweza kwenda pamoja wakati huu wa masomo na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ilimradi walimu wake wa michezo wazungumze, mazoezi mazito yasirundikane siku moja, na apate siku za kupumzika. Katika ajira mambo hubadilika, kwa kuwa msimu wa Ligi Kuu yetu huanza yapata Agosti na kwenda hadi katikati ya mwaka unaofuata, na sijui ni mwalimu gani wa soka angemwachia winga wake aende kucheza kikapu katikati ya msimu. Ikitokea klabu ikamletea mkataba, kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni nani atagharamia matibabu na kama malipo yataendelea iwapo ataumia akicheza mchezo ule mwingine, kisha jibu hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe.