Kuku wangu wanataga tu, hakuna anayetaka kuatamia

SWALI: Habari Mzee wa Uani. Mimi niko Busia upande wa Uganda, nina kuku 14 wa kienyeji, rangi zote, wanazurura tu nyuma ya nyumba. Mwaka jana nikanunua jogoo wa aina ya kuroiler, mkubwa wa maana. Sasa mitetea waliozaliwa kwake wanataga kweli, lakini hakuna hata mmoja anayeatamia, anataga anaondoka zake. Halafu vifaranga 3 wa kuku wangu mmoja wa zamani wametoka shingo tupu, jirani ananiambia ni ugonjwa niwachinje. Na shemeji ameniletea batamzinga 2, niwafungie banda moja na kuku? Nalongo, Busia.

JIBU: Nalongo, pole na hongera pia. Tuanze na shingo maana hiyo ni fupi. Huo si ugonjwa, hao ni kishingo, ni damu tu, na kwa joto la huko kwenu wanapumua vizuri kuliko wenzao. Kifaranga hawezi kutoka hivyo mpaka mzazi mmoja awe na shingo hiyo. Sasa kama mama yao ana manyoya shingoni, na kuroiler wako pia anayo, hebu chungulia jogoo wa huyo huyo jirani anayekwambia uchinje, hahaha.

Ukitaka uhakika wa baba, mfungie kuku na jogoo unayemtaka wiki 3 kabla hujaanza kukusanya mayai, maana kuku anabaki na mbegu za jogoo wa zamani zaidi ya wiki 2.

Kuatamia sasa. Kuroiler asili yake India, alizalishwa atage mayai mengi na akue haraka hata kwa makombo ya uani, na kuku wa kutaga hivyo hamu ya kulalia mayai inapungua, watoto wake nao wanairithi hiyo. Kwa hiyo usiwalazimishe, wewe waache watage, kazi ya kulalia mpe bibi, yaani yule kuku wako wa zamani, mwenye makelele, anayekudonoa mkono ukimgusa kiotani, huyo usimuuze hata Krismasi ikifika na watu wanataka luwombo, kuku wa kupikwa kwenye majani ya mgomba. Weka mayai mahali pa baridi ncha ikiangalia chini, usiyaoshe, yasizidi siku 10. Bibi akishakaa kiotani siku 2 bila kuhama, mpelekee usiku gizani mayai 10 mpaka 12 yote kwa mara moja, uyachore na kalamu ya risasi ili mwenzake akija kutagia humo ujue la nani. Siku ya 7 mulika na tochi ya simu, lenye mishipa kama mizizi myekundu rudisha, lililo jeupe kabisa toa. Siku ya 21 wanatoka. Mimi kuna kuku nilimbembeleza mwezi mzima, kumbe alikuwa anapenda kivuli tu.

Batamzinga hapana, Nalongo. Kuku anabeba minyoo midogo ya utumbo, na mayai ya minyoo hiyo yanabeba kijidudu ambacho kuku mwenyewe mara nyingi hata hakisikii, lakini batamzinga kinamla ini, utaona kinyesi cha njano kama unga wa salfa, anasinzia, anakufa. Udongo wenyewe unakaa nacho miaka, kwa hiyo hata kuwapa uwanja mmoja kwa zamu usijaribu. Watafutie upande ambao kuku hawajawahi kuparua.

Na hao wageni wote, hata kuku mmoja wa sokoni, wiki 2 peke yake kwanza, bakuli lake la maji, na yeye alishwe wa mwisho. Mimi niliwahi kuleta tembe mmoja juu ya boda, miguu imefungwa, mzuri sana, jioni hiyo hiyo nikamchanganya kwa haraka zangu, baada ya siku chache kinyesi kijani, shingo zinapinda, kideri (Newcastle) ikanimalizia 22 nikabaki na 3. Chanjo ya kuweka tone jichoni ipo, ile ya I-2 haisumbuki sana na joto, rudia kila miezi 3 au 4, ila wanaoumwa tayari haiwasaidii. Muulize daktari wa mifugo wa hapo Busia, na ukusanye majirani maana kichupa kimoja ni cha kuku wengi. Huyo mwenye jogoo kishingo muite pia.